Njaa ya Amirali Imehama

Ukitoka ufukweni pale Baraka, ukiwapita akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, utakuta ubao mrefu umelazwa juu ya mawe mbele ya kibanda cha Placide, anayechaji simu za watu kwa jua. Ubao huo ulikuwa ubavu wa mashua ya kwanza ya Mashaka, na kwa sababu hiyo Mashaka, ambaye wenzake humwita Amirali, hukaa upande wenye kivuli na hakuna anayemhoji. Placide mwenyewe wanamwita Volti. Yasini, muuza kahawa, wanamwita Sukari, kwa kuwa ndicho kitu anachokibania. Wa nne ni Sixte, mkulima kutoka Burundi, ambaye siku za soko hutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda kuja kuuza mboga. Huyo ni Hekta, maana hajawahi kumaliza kikombe bila kuwakumbusha ukubwa wa shamba aliloliacha kwao. Hao watatu ndio waliokaa asubuhi ile kumwokoa Mashaka, na mtu mwenye akili timamu angeogelea ziwani mpaka mji wa mbali wa Kalemie kuliko kuokolewa nao.

Shida yenyewe ilikuwa hii: Mashaka alikuwa hali chakula. Homa hana, tumbo halimsokoti, lakini kila sahani aliyopelekewa na mkewe Sumaya ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Mwanzoni Sumaya alidhani ni chumvi. Akapunguza chumvi, akaongeza mawese, akabadilisha samaki, akaacha ndagala akapika mikeke. Sahani zikarudi. Na mjini pale kila mwanamke anajua maana ya mume ambaye sahani yake inarudi imejaa: mume huyo ana jiko lingine. Sumaya hakupiga kelele. Alimpigia simu dada yake mkubwa, Latifa, aliyeko Fizi, na Latifa akasema anapanda moto, pikipiki ya abiria, atafika siku hiyohiyo kusikiliza kesi.

Jina la Latifa likitajwa, hata Volti huacha kutafuna kijiti chake. Ni mwanamke ambaye hagombezi mtu. Anauliza tu, kisha anasubiri.

Masikini Mashaka hakuwa na jiko lingine. Alikuwa na mke mmoja na mashua mbili, na mashua ndizo zilizokuwa zikimtii. Alichokuwa nacho ni utetezi, na utetezi ule aliupata jana yake jioni kwenye redio ya Volti. Alikuwa amezungumza profesa mmoja, mwana wa nchi anayefundisha ng'ambo, ambaye kazi yake ni kuchunguza ubongo. Alieleza kwamba humo kichwani mna maji fulani yanayoita njaa na mengine yanayoinyamazisha, na kwamba seli zinazofanya kazi hiyo, ziitwazo manerone, huweza kufa. Alizichunguza kwa panya. Panya ambaye seli hizo zimemfia huangalia chakula, akakiacha, akaenda zake. Kisha profesa akasema "lakini", na betri ya Volti ikaisha. Kila kilichosemwa kijiweni asubuhi iliyofuata kilijengwa juu ya maneno yaliyotangulia hiyo lakini.

— Njo vile nitamwambia Latifa, — akasema Mashaka, akilisogeza sinia la mandazi la Yasini lisimzibie kikombe. — Manerone yangu ya njaa ilikufa. Siko na bibi ingine. Niko na musiba mu kichwa.

— Atakuuliza bamezika wapi, — akasema Yasini.

Volti akawanyamazisha. Kama fundi wa umeme, suala hilo aliliona ni lake. Ubongo, alisema, ni betri kubwa yenye betri ndogondogo ndani, na moja ikifa inazilegeza zilizobaki. Dawa haiko hospitali, iko juu ya bati la kibanda chake.

— Unalala pale pembeni ya pano, kichwa inaangalia jua. Saa sita mpaka saa tisa. Jioni utakula sufuria.

Mashaka aliyatazama yale mapano, paneli za kuvuna umeme wa jua, akalitazama bati, akauliza kama litambeba. Volti akasema hata likivunjika, Latifa akimkuta ameanguka ataamini kwamba kweli anaumwa. Mashaka akafuta mafuta vidoleni kwa kanzu na kusema atalifikiria.

— Asifikiri, — akasema Sixte. — Kufikiri njo kulimuua. Kichwa ni shamba. Ukilima muhogo palepale kila mwaka, udongo inachoka. Kule kwetu mi nilikuwa na hekta...

— Tunaijua, — wakasema wote watatu.

— Basi. Aache kichwa ilale musimu moja. Asifikiri kitu mpaka mvua irudie.

Yasini alitaka kujua yeye Sixte kichwa chake amekilaza tangu mwaka gani, na Sixte, ambaye hanuni, akajibu kwamba ndiyo maana anamshauri mwenzake, ameona faida. Mashaka akacheka mpaka makombo yakamruka. Kwa kweli alianza kujisikia vizuri. Hewa ya ziwa ilikuwa nzuri, kahawa ilikuwa ya moto, na hofu ya shemeji ilikuwa imerudi nyuma kidogo.

Hapo Yasini akaliweka birika chini, jambo ambalo hulifanya akiwa na neno zito. Kosa, alisema, ni ndagala. Mtu wa Baraka hula ndagala mzima na kichwa chake, tangu anaota meno. Kila kichwa kina ubongo. Hebu piga hesabu ya bongo ngapi ndogondogo ziko ndani ya mzee kama Mashaka. Na ndagala ana wazo moja tu maishani mwake: akiona taa, anaikimbilia. Ndiyo maana wavuvi huwasha taa usiku, na ndiyo maana umeme ukiwashwa sehemu yoyote mjini watu wote wanajaa hapo bila kujua wamefuata nini.

— Sumaya aliacha ndagala, akapika mikeke, — akamalizia Yasini. — Bale ba ndani bamekasirika. Banagoma.

Hakuna aliyeweza kuipinga. Volti mwenyewe alikiri kwamba usiku akiona taa hajizuii. Mashaka akainamisha kichwa, akasikiliza kama kuna mgomo wowote unaosikika, huku mkono wake ukienda wenyewe chini ya kitambaa cha sinia na kurudi.

Ndipo Volti, aliyeona wivu kupitwa na muuza kahawa, akaleta nadharia iliyozimaliza zote. Umeme haupotei, alisema. Ukitoka hapa umeenda pale. Manerone ya Mashaka yamekufa, sawa, ila njaa iliyokuwa imepanga humo imekwenda wapi? Mpangaji nyumba ikimwangukia hafi, anatafuta nyumba nyingine. Maneno hayo yalipokwisha, macho yote yalikuwa yamemgeukia Sixte, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameshiba.

Sixte akakitua kikombe chake taratibu. Alikiri, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa, kwamba ni kweli: siku hizi anakula na hashibi.

— Tokea lini? — akauliza Volti.

— Tokea ile ndoa ya mutoto wa Amirali.

— Na weye Amirali, kula kulikuachaka lini?

Mashaka alikuna kidevu. Binti yake wa mwisho, kitinda mimba, alikuwa ameolewa na kupelekwa Uvira.

— Kisha ile ndoa, — akasema. — Ile juma yenyewe.

Kumbe siku ile ya ndoa Mashaka na Sixte walikuwa wamekaa sinia moja la pilau, mikono yao ikagongana kwenye nyama. Hapo ndipo njaa ilipovuka. Ushahidi ukawa umekamilika, na kijiwe kikatoa hukumu: Sixte atakwenda na Mashaka nyumbani, atasimama mbele ya Latifa, ataeleza kwamba yeye ndiye aliyebeba njaa ya mwenye nyumba, na kuthibitisha hilo ataimaliza sahani ya Mashaka mbele ya mashahidi. Sixte alisema ni mzigo mkubwa, ila kwa rafiki ataubeba. Akaomba maji anawe mapema.

Alikuwa bado ananawa pikipiki iliposimama, na Latifa akashuka, vumbi jekundu la barabara ya Fizi mpaka kwenye nyusi.

— Asalam aleikum, ba baba.

Waliitikia wakiwa wamesimama. Volti alianza utetezi kwa Kifaransa, akakwama, akarudi kwenye Kiswahili. Alipitia panya, betri na mpangaji. Yasini akachomekea ndagala. Sixte akanyoosha mkono unaodondoka maji na kusema yeye ni shahidi. Latifa alisikiliza yote bila kukata neno la mtu, kisha akaketi kwenye ubao, upande wa kivuli, mahali pa Mashaka.

— Sawa, — akasema. — Yasini, unipe mandazi kwanza. Nilitoka ku Fizi na tumbo wazi.

Yasini akafunua kitambaa. Sinia lilikuwa tupu. Alilitikisa, akaangalia chini yake.

— Nani alikula mandazi yote? — akauliza Latifa.

Akasubiri. Yasini akasema bidhaa yake mwenyewe haili, mkewe shahidi. Volti akafungua mdomo kuonyesha jino bovu. Sixte alionekana kuumia kabisa: yeye alikuwa amelitunza tumbo lake kwa ajili ya kesi. Basi wote wakamwangalia Mashaka, na Mashaka akajiangalia mwenyewe, akaona kanzu yake imejaa makombo kuanzia kifuani mpaka magotini. Alishangaa kuliko wao wote.

— Kumbe njaa iko, — akasema Latifa. — Na ku nyumba, shemeki, unakulaka na nani?

Mashaka alifungua kinywa. Alitaka kusema anakula kama baba yake alivyokula, na ndivyo: mwanamume sebuleni, sahani imefunikwa mezani, pazia limeshushwa, na mke jikoni na watoto. Ila siku za watoto pazia lile halikuwahi kutulia. Walipenya chini yake mmoja baada ya mwingine wakamwibia samaki, naye akawafokea, na yule kitinda mimba hakuacha kuiba mpaka siku ya kuolewa. Sasa sebule ilikuwa na meza, saa ya ukutani, na yeye. Yasini akainamisha birika ammiminie mgeni, akakuta machicha matupu.

— Sumaya ananiambia kila siku anatupia kuku sahani mbili, — akasema Latifa.

— Mbili namna gani? Mi niko na moja.

— Yako na yake.

Mashaka alisikia aibu imempanda mpaka masikioni, na baada ya aibu akamwonea mkewe huruma ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi. Alikuwa ameyaombolezea manerone yake asubuhi nzima, na ng'ambo ya pazia mtu alikuwa akikonda. Akaondoka bila kuaga.

Alikuta sahani yake sebuleni, imefunikwa. Akaibeba, akalisukuma pazia kwa bega, akaingia jikoni, mahali ambapo wanaume wa ukoo wake huingia nyumba ikiungua tu. Sumaya alikuwa kwenye kigoda chake kando ya mbabula, jiko la makaa, mwiko mkononi, hajala.

— Unatafuta nini huku? — akauliza.

— Njaa yangu. Batu banasema ilihama. Nikasema nianze kutafuta hapa.

Sumaya aliuweka mwiko chini. Kisha akasukuma kigoda kingine kwa mguu, na Mashaka akaketi, magoti yakamfika kidevuni. Walianza polepole. Katikati ya ugali, Sumaya akanyoosha mkono, akachukua samaki mnono kutoka upande wa Mashaka, na Mashaka akafoka palepale, kwa sauti ileile ya zamani, kwamba katika nyumba hii mtu hawezi kula kwa amani. Sumaya akacheka huku machozi yanamtoka, akaula mkeke wote.

Sixte alifika baadaye kidogo akiongozana na Latifa, mikono safi, koti limefungwa vifungo vyote, akasimama kwenye mlango wa jikoni na kusema yeye ndiye shahidi. Sumaya akamwonyesha sahani tupu na kumwambia kesi imekwisha. Sixte aliiangalia sahani ile kwa uchungu wa kweli, akawapongeza, akaaga, na njaa ile, iwe ya kwake au ya nani, akaenda nayo mpaka Lusenda.