Goti la Kankindi na Marahaba ya Bi Shamsia

Tarehe 30 Juni 2003, Bi Shamsia Abdulkadiri anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi, ya mwanzo Biharamulo, iliyobaki hapa Ngara katika wodi yetu ya upasuaji. Wanaofurahi ni wanafunzi wa uuguzi tu, maana shuka lililotandikwa ovyo halikuwahi kumpita.

Mwaka 1994 kambi ya Benaco ilipojaa wakimbizi kutoka Rwanda, alilaza wagonjwa hadi barazani, na chai yake ikawa inapoa mezani bila kunywewa. Lakini sisi tuliofanya naye kazi tunamkumbuka zaidi kwa goti moja.

Mwaka uliofuata, daktari wa mifupa aliyeletwa kwa ajili ya wakimbizi alimpasua Kankindi, binti wa wakulima wa Mbuba. Utando wa ndani ya goti lake ulikuwa umevimba na kuota vinundu. Ugonjwa huo ni adimu, si saratani, ila hupenda kurudi. Kwake ulikwisha kurudi mara moja, na safari nyingine ungeweza kumlemaza. Daktari akashauri mionzi, Dar es Salaam, jeraha likishapona.

Habari ya mionzi ilipofika Mbuba, ambako iliaminika ni ya wanaokufa kwa saratani, majirani walikuja na kuni na ndizi, wakakaa kama wako msibani, na Kankindi mwenyewe yuko hai anawapikia. Baba yake, mzee Leonidasi, akakataa safari. Bi Shamsia akaenda huko, akawaamkia wazee wote, akala ndizi za matanga hayo, kisha akasema: "Mzee, mionzi hii ni ya kuzuia uvimbe usirudi. Nitakwenda naye, na nitarudi naye."

Likizo yake yote iliishia Dar es Salaam. Walirudi, uvimbe hakuna, lakini goti limekakamaa. Kwao Kankindi, binti humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti. Basi kila asubuhi alimwamkia Bi Shamsia wodini, na shikamoo haikujibiwa mpaka goti lishuke kuliko jana. Siku nyingine alilia. Tulimwona Bi Shamsia ana roho ngumu, tukamsema chinichini.

Wiki iliyopita Kankindi alikuja kumuaga, mkungu wa ndizi kichwani. Akautua, akapiga magoti yote mawili sakafuni, akamwamkia. Bi Shamsia alilitazama lile goti huku machozi yakimtoka.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Inuka."

Bi Shamsia, ahsante kwa yote. Nenda kapumzike kwa afya na amani, na chai yako uinywe ingali moto.