Sista Nafuna na Maneno Matano ya Witeithie

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwauliza watu leo ni siku gani, Sista Nafuna anastaafu tarehe 31 Julai. Kuanzia Agosti anaruhusiwa kusahau yeye mwenyewe.

Alijiunga na kituo chetu cha utafiti wa magonjwa ya ubongo na akili, hapa Thika, akiwa muuguzi kijana, akakabidhiwa mashine ya kupima mawimbi ya ubongo. Mashine hiyo haipendi nywele zilizosukwa. Basi Sista aliwafumua akina mama, akawapima, kisha kwa roho yake safi akawasuka upya. Habari za kusukwa bure zilipofika mtaa wa Mwihoko, maumivu ya kichwa yakawa yanazuka huko kila harusi ikikaribia. Wakubwa wakaona heri wamhamishie kwenye utafiti wa kumbukumbu za wazee, ambao wengi wana upara.

Huko ndiko alikotuokoa. Kila mzee huulizwa leo ni siku gani, husomewa maneno matano, hupiga gumzo kidogo, kisha huulizwa ayarudie. Mwaka mmoja wazee waliotoka eneo la Witeithie walianza kuyapata yote. Daktari Kabir, mkuu wetu, aliamini dawa tunayoijaribu imefua dafu, akaenda kushonesha suti ya kutangazia habari njema. Sista peke yake alikuwa na wasiwasi, kwa sababu mmoja wao, Mzee Njau, aliyataja maneno yote matano, tena kwa mpangilio, kabla hajasomewa.

Kumbe mkewe, Cucu (yaani nyanya) Wamboi, alikuwa amefungua tuisheni. Kila Jumapili baada ya ibada wazee walikaririshwa mbuzi, kijiko, mvua, kanisa, kiatu, kama watahiniwa wa darasa la nane. Sista alipoenda kumwuliza, Cucu alilia. Njau alikuwa ameanza kupotea njiani kati ya kitanda na choo, naye aliogopa kwamba mzee akifeli atafukuzwa kliniki, na hapakuwa na kliniki nyingine ya kumpeleka.

Sista alimshika mkono, akamweleza kwamba kwetu anayefeli ndiye tunayemtafuta. Kisha akamkabili Daktari, aliyetaka kuwaondoa wazee wote wa Witeithie kwa kosa la udanganyifu, akamwambia wazi kwamba akiwafukuza, atafute na muuguzi mwingine. Daktari alinywea. Tangu hapo maneno hubadilishwa kila mara, chai na mandazi hutolewa hata kwa waliopata sifuri, na Mzee Njau anatibiwa. Suti ilivaliwa kwenye harusi ya binamu wa Daktari.

Wiki jana Sista alimpima Mzee kwa mara ya mwisho. Hakukumbuka neno hata moja, nasi tukaandika sifuri, maana utafiti ni utafiti. Kisha akaulizwa kama anamjua Sista.

"Huyu ni wa kwetu," akasema. "Kwani hajapewa chai?"

Sista alitoka nje akifuta macho, akisingizia vitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Asante, Sista, kwa vichwa vyote ulivyovishika. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wenye nywele nyingi. Wewe sahau siku na tarehe upendavyo; sisi tutakukumbuka, tena bila tuisheni.