Taa ya Dagaa na Mbaazi za Bi Ashura

Bwana Gervasi Ntahondi anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha mbegu, hapa pembezoni mwa Ujiji. Alianza mwaka 1991 akiwa kibarua wa kumwagilia vitalu. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa shamba, pamoja na jembe lake ambalo, kwa maelezo yake, hakuna mwingine anayejua kulinoa.

Waliopita mikononi mwake wanalijua somo lake la kwanza: mmea unahesabu giza. Mbaazi zetu za kienyeji hazichanui eti kwa sababu zimechoka kurefuka. Zinasubiri usiku uongezeke. Hapo majani hutengeneza homoni, homoni husafiri hadi kwenye ncha za matawi, na ncha huacha kutoa majani zikaanza kutoa maua. Kwetu Kigoma, tofauti kati ya usiku mrefu zaidi wa mwaka na ule mfupi zaidi haifiki dakika arobaini. Wanafunzi walibisha, lakini mbaazi hazikuwahi kukosea.

Kwa mananasi alikuwa na darasa jingine. Aliona kwamba yaliyo jirani na tanuri la kina mama wanaobanika migebuka kule Katonga huchanua mapema, akaeleza kuwa moshi una gesi ya ethilini, ambayo nayo ni homoni ya mimea. Uchunguzi huo ulimchukua wiki mbili, na wiki mbili hizo ofisi nzima ilinuka samaki.

Lakini tuseme ukweli, heshima yake kubwa ilitokana na kosa.

Mwaka 2017 tulipanda kwa majaribio mbegu ya mbaazi ya kikundi cha kina mama wa Ujiji kinachoongozwa na Bi Ashura Dadi. Walikuwa wameichambua kwa miaka mitatu, na wakifaulu wangesajiliwa kuwa wazalishaji wa mbegu. Ilipofika Juni, mbaazi za kituo, nyuma ya ghala, zilikuwa njano tupu kwa maua. Za Bi Ashura, kando ya njia, zilikuwa majani matupu. Ripoti ikaandikwa kwamba mbegu yao imechanganyika na aina nyingine, hivyo kikundi kisisajiliwe. Ilibaki kutiwa saini kikaoni tu.

Siku mbili kabla ya kikao, Gervasi akakuta mmea mmoja wa Bi Ashura umejaa maua. Ulikuwa umejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji. Akainua macho. Juu ya nguzo ilining'inia taa ya sola, ile kali ya wavuvi wa dagaa, aliyoifunga yeye mwenyewe mwezi Machi kwa kuhofia wezi waliotusafisha msimu uliotangulia. Mwalimu wa giza alikuwa ameiwashia mimea taa usiku kucha, na kivuli cha ghala ndicho kilichoziokoa mbaazi za kituo.

Angeweza kuifungua kimya kimya na yakaisha. Barua yake ya kupandishwa cheo ilikuwa tayari mezani kwa mkuu wa kituo. Lakini alisubiri kikao kijae, Bi Ashura ameketi karibu na mlango, mkoba mapajani, kisha akasimama. "Taa ni yangu," alisema. "Mbegu ya Bi Ashura haina kosa." Akaketi.

Ripoti ilichanwa. Taa ilizimwa, na wiki ya tano maua yakatoka. Kikundi kilisajiliwa, na mpaka leo wakulima wengi wa hapa wanapanda mbegu yake. Barua ya cheo ilichelewa miaka miwili. Hatukumsikia akiilalamikia hata mara moja, naye ni mtu anayelalamikia chai ya ofisini kila siku ya Mungu. Taa alimpa Bi Ashura, nayo hutumika stoo kwao, madirisha yakiwa yamefungwa.

Sasa anarudi kwao Kagunga, kulima upande wa kilima usiotazama ziwa wala taa za wavuvi. Wiki iliyopita Bi Ashura alimletea gunia la mbegu. Juu yake ameandika kwa mkono wake: Haina kosa. Gervasi alisoma, akageukia ukutani kwa muda, akadai vumbi limemwingia machoni.

Asante, mzee wetu. Tunakuombea afya njema, mavuno mengi, na usiku wenye giza la kutosha.

Diana Ruhuza, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako