Mbaazi za Mama Muli

Treni ilipotoka Lukenya, mama wawili mbele yangu walikuwa wameshalinganisha mishahara ya vijana wao marubani, ikatoka sare. Sasa walihamia habari za nyumba.

"Muli wangu ako Uarabuni, na nyumba amepewa bure na kampuni," alisema Mama Muli. "Vyumba vinne!"

"Sakariye, mtoto wa dada yangu, anapewa pesa ya nyumba mkononi," alijibu Haweya, muuza vitambaa wa Athi River. "Anakaa anapotaka. Nyumba ya kampuni ni ya kampuni, mama."

Nikafunga kitabu nilichojifanya kusoma, maana adabu ina mipaka.

"Hapo umesema," alikiri Mama Muli. "Nilimtembelea, nikapata uwanja wa hiyo nyumba wote ni nyasi, na hawana hata ng'ombe mmoja. Nikang'oa, nikapanda mbaazi."

Haweya alicheka hadi mtandio ukaanguka.

"Sasa kampuni inasema nisipoomba msamaha leo, Muli atatolewa kwa hiyo nyumba."

Simu yake ikalia. Treni ikasimama.

"Muli, mbaazi zimeota?" aliuliza akiinuka. "Zimeota! Basi waambie mama yako haombi msamaha. Wakikutoa, wakupe pesa ya nyumba mkononi."