Mama Tak na Mpini wa Vichwa Vitano

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, kengele ya saa kumi ikilia, chumba cha ubunifu cha kiwanda chetu cha brashi kitakuwa kimya kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na mmoja. Mashine hazijaharibika. Ni Mama Tak anastaafu.

Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, na nasikia benki wanalitumia. Sisi hatulitumii. Mgeni akimuulizia getini kwa jina hilo, mlinzi humwambia kwa upole kwamba amekosea kiwanda. Jina la Mama Tak alijipatia mwenyewe kwa imani yake moja tu, kwamba kitu chochote kinachofungwa lazima kiseme tak. Mlango, kabati, chupa ya chai, mkoba wake, kila kimoja. Kikijifunga kimyakimya hukifungua, akakifunga upya, huku akikikaripia: "Hujasema!" Mkurugenzi alipoletewa gari jipya lenye milango inayojifunga polepole bila sauti, Mama Tak alilizunguka mara mbili, akampa pole.

Mimi ninayeandika haya nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka mingi, na nina upara. Nautaja upara mapema kwa sababu umechangia kazi yake kuliko mimi mwenyewe.

Aliingia kiwandani akiwa binti wa kupanga nyuzi kwenye brashi za viatu. Msimamizi wake wa wakati huo alichoka naye upesi, kwa kuwa kila mpini uliopita mikononi mwake ulitoka umepinda kidogo, umechongwa kidogo, au umetobolewa tundu la kupitishia kamba. Alipomuuliza nani kamtuma, alijibiwa kwamba kiganja ndicho kilichomtuma. Mwisho msimamizi alimhamishia chumba cha ubunifu ili akasumbue watu wengine. Ulikuwa uamuzi bora kuliko yote aliyowahi kufanya, ingawa aliufanya kwa nia mbaya.

Hapo ndipo alipoanza kututia wazimu. Alibuni brashi ya nywele yenye kioo kwa nyuma, halafu ikagundulika kwamba ukiwa unachana nywele, kioo kinamtazama mtu aliyesimama nyuma yako. Akabuni brashi inayopiga mluzi ili isipotee bafuni, ikawa inapiga mluzi yenyewe ikipata unyevu, hata mlinzi akaomba asiwekwe zamu karibu na stoo. Akabuni brashi ya nyusi, ndogo kiasi kwamba siku ya kuonyeshwa ilipotea mezani mbele ya watu wote. Mkaguzi wa ubora aliipata mwenyewe, akiwa anamalizia chai yake.

Tulicheka naye, na yeye ndiye aliyecheka kutushinda. Lakini ukweli uliokuwa chini ya kicheko hicho tuliujua sote: katika miaka yote hiyo, hakuna hata brashi moja ya Mama Tak iliyofika dukani. Nilipata kuongozana naye dukani siku moja. Alisimama mbele ya rafu ya brashi, akawa anachukua moja moja, anageuza, anapima mpini kiganjani, anarudisha. Hakusema neno mpaka tukatoka. Mama Tak asiposema neno, mtu humsikitikia. Nami nilimsikitikia.

Kisha mume wa Mama Tak, ambaye sisi humwita shemeji, akatuletea neema. Ni mwalimu wa muziki, ana ndevu nzuri za kufika kifuani, na ana kwaya. Alikuwa akisafiri na kwaya hiyo akiwa na mfuko umejaa brashi: ya nywele, ya ndevu, ya kucha, ya mgongo, ya viatu. Alfajiri moja umeme ukakatika kwenye nyumba ya wageni, naye akapapasa mfukoni gizani na kujichana ndevu vizuri kabisa kwa brashi ya viatu, ikiwa na dawa nyeusi ya jana yake. Alisimama mbele ya hadhira akiwa na ndevu zinazong'aa na kola ya shati ambayo haikuwa nyeupe tena. Sauti ya kwanza walishindwa kuendelea kuimba. Wa besi walikaa chini.

Mama Tak alipohadithiwa alicheka mpaka akaomba maji. Halafu akachukua kipande cha udongo wa kufinyangia, na tangu siku hiyo hatukupata amani. Alitaka mpini mmoja tu, wenye kitufe karibu na kidole gumba, na vichwa vitano vya kubadilisha: cha nywele, cha ndevu, cha kucha, cha mgongo na cha kisigino. Unabonyeza, kichwa kinachomoka. Unasukuma kingine, kinaingia. Nacho, bila shaka, kinasema tak.

Kuipata tak hiyo kulimchukua miaka. Springi ikilegea, kichwa kiliruka. Ikikaza, kichwa hakikutoka hata kwa koleo. Ndipo ukaanzishwa utaratibu uliokuja kujulikana kama Ijumaa ya Vichwa. Kila Ijumaa wakati wa chai, wajaribiwa tulipangwa kwenye benchi. Mlinzi alitoa ndevu zake. Mpishi wa kantini alitoa nywele zake, ambazo zilikuwa zimeshavunja vitana vya wanawake wa idara tatu. Mimi nilitoa upara, kwa hoja kwamba brashi isiyoukwaruza upara haitamkwaruza mtu yeyote. Sina unywele hata mmoja na nimepigwa brashi kuliko mtu yeyote katika jengo hili. Kufikia mwaka wa tatu niling'aa kiasi kwamba fundi umeme aliuliza kama nataka swichi.

Sasa, vichwa vyote vya majaribio vilitengenezwa kwa plastiki ya kijivu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inabaki bure. Vilikaa kwenye trei ya mayai, vyote rangi moja, umbo lililokaribiana. Mama Tak alivitambua kwa kugusa. Alipitisha kidole gumba juu ya nyuzi bila kutazama, huku akisimulia habari za majirani, na hakukosea. Sisi nasi tukajifunza hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kufikiria kuviwekea alama, kama ambavyo huwezi kuwawekea alama watoto wako.

Mwaka huu ulipoanza, bodi ilitangaza kwamba chumba chetu, kwa kuwa hakijatoa bidhaa mpya muda mrefu, kitageuzwa stoo ya maboksi iwapo hakitaleta kitu kabla ya nusu ya mwaka. Mama Tak alikuwa anastaafu wakati huohuo. Kwa maneno mengine, alibakiwa na onyesho moja. Likienda kombo, angeondoka bila brashi yake kuonekana kwenye rafu yoyote, na meza yake ingerithiwa na maboksi. Wiki ile hakusimulia habari za majirani hata kidogo.

Siku ya onyesho, afisa masoko wetu, kijana mwenye moyo mzuri na viatu vinavyong'aa, alimletea glavu nyeupe. Alieleza kwamba wataalamu wote wa kimataifa huvaa glavu. Mama Tak alikataa. Afisa masoko akambembeleza, akamwita mama, akamwita mama yangu, mwisho akamwita bosi. Akazivaa.

Wajumbe wa bodi walikuwa wameketi, na mmoja wao, mama mwenye miwani minene, alikuwa ameshatoa hukumu kabla ya chai kumiminwa. Alisema watu ni wavivu. "Nani atahangaika kubadilisha vichwa asubuhi, mtu anawahi kazini?" Wenzake wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Mkurugenzi, ambaye ana ndevu na anazipenda kama mtoto wa mwisho, akajitolea kujaribiwa ili kuchangamsha kikao.

Mama Tak alipitisha kidole gumba juu ya trei. Kidole kilikuwa ndani ya glavu. Akachukua kichwa, tak, akamchana mkurugenzi kwa mkono mrefu wa kujiamini kutoka kidevuni kwenda chini, na brashi ikagoma katikati. Akavuta. Mkurugenzi akaja nayo. Kwa mazoea, gumba likabonyeza kitufe, mpini ukachomoka kama ulivyobuniwa kuchomoka, na Mama Tak akarudi nyuma hatua mbili akiwa na mpini mtupu. Kichwa kilibaki kwenye ndevu. Kilikuwa cha kisigino, chenye vijino vilivyopinda vya kukwangua ngozi ngumu.

Jasho jembamba lilinitoka, na upara hauna pa kulificha. Mkurugenzi wetu, ambaye hajawahi kukubali kikao kisimame kwa sababu yoyote, alisema tuendelee, na akaendelea kweli. Alizungumzia ufanisi. Kila aliposema neno, kile kichwa kiliitikia kidevuni. Alipofika kwenye malengo ya robo ya tatu kilikuwa kinaning'inia upande mmoja. Mtu alipendekeza mkasi kwa sauti ndogo. Mkurugenzi alimtazama mtu huyo kwa namna ambayo sitaisahau.

Nilimtazama Mama Tak nikidhani analia. Alikuwa anavua glavu kwa meno. Alizirusha mezani, akaweka kidole gumba kitupu juu ya kile kichwa kilichonasa, akasema kwa utulivu, "Hiki ni kisigino. Samahani, baba. Tulia." Halafu akarudi kwenye trei, na safari hii hakutazama hata chini. Tak: kichwa cha kucha, chembamba, akalegeza nywele kutoka kwenye vijino, kimoja baada ya kingine. Tak: kichwa cha nywele, akatenganisha mafundo. Kile cha kisigino kikadondoka kwenye sahani ya biskuti. Tak: kichwa cha ndevu, kile laini, akamalizia kwa mikono ya mama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Mpini ulikuwa uleule mmoja muda wote, na mkurugenzi alikuwa bado anazungumza.

Alipomaliza, ndevu zile zilikuwa hazijawahi kupendeza vile. Yule mama mwenye miwani alinyoosha mkono, akaomba mpini, akabonyeza, akachomoa, akasukuma. Tak. Akarudia. Tak. Aliendelea hivyo wakati wenzake wakijadiliana, na ilipofika zamu yake ya kusema, aliuliza tu ni lini ataweza kuinunua. Kuhusu uvivu wa watu hakurudia tena.

Bodi ilipitisha brashi, kwa sharti la vichwa kuwekewa alama. Mama Tak aliweka vinundu vidogo shingoni mwa kila kichwa, kimoja cha nywele, viwili vya ndevu, na kuendelea, vya kutambulika hata gizani, hata kwa glavu. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbusha, kwa heshima zote, kwamba matatizo yake na ile brashi ya viatu hayakutokana na wingi wa mipini. Yalitokana na giza. Mama Tak alimjibu kwamba angemwambia hivyo mapema wangeokoa miaka minne.

Kalibu za kumiminia plastiki zilifungwa kwenye mashine mwezi Mei. Jumatatu iliyopita brashi ya kwanza ilitoka kwenye mashine, ya buluu, bado ina joto. Kiwanda kizima kilisimama kumsubiri. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akasukuma kichwa. Sote tuliisikia. Nilimwona akijifuta macho kwa kisigino cha mkono, na mimi, sina haya kusema, nililia mpaka upara.

Kwa hiyo, Mama Tak, tunakushukuru. Asante kwa kupinda mipini bila ruhusa. Asante kwa mluzi, kwa kioo, kwa ile ya nyusi. Asante kwa kutuokolea chumba. Maboksi yametafutiwa kwingine. Shemeji naye tunamshukuru kwa ndevu, na tunamwomba radhi kwa kuwa kuanzia Jumatatu kila "Hujasema!" ataisikia yeye.

Anayestaafu hapa hupewa saa ya ukutani. Tulipoijaribu ile uliyokuwa upewe, kifuniko chake kilijifunga kimya, nasi tukaogopa. Badala yake tunakukabidhi ile brashi ya kwanza ya buluu, ila utagundua tumekupa mpini peke yake. Usilalamike bado. Cha ndevu anacho mlinzi. Cha nywele anacho mpishi. Cha kucha kimebaki kwa afisa masoko, cha kisigino amekiomba mkurugenzi mwenyewe, na cha mgongo kiko mezani kwangu. Kila mmoja atakuletea chake nyumbani kwa mikono yake, siku tofauti, na atategemea chai.

Nenda salama, Mama Tak, ukaishi vizuri na kwa raha zako zote. Ukisikia hodi, toka na mpini.