Kurasa Tulizoogopa Kuzifunga

Risala ya Kikundi cha Chumba cha Kompyuta cha Mihambini, Ganze, kwa mgeni rasmi, Bi Mastura, Mkuu wa Chuo cha Uuguzi na Ukunga

Mgeni rasmi, mama yetu Bi Mastura, shikamoo. Walimu mliofuatana naye kutoka Malindi, wazee wetu na majirani wote, salamu zetu ziwafikie mlipoketi.

KARIBU

Umeiacha lami ukala vumbi letu hadi mlangoni, na hatukukusikia ukinung'unika. Karibu sana. Viti tumeazima kanisani na mkeka tumeazima msikitini, kwa hiyo ukituona tunavitupia jicho kila mara, usitudhanie vibaya. Tumeahidi kuvirudisha vikiwa vizima.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilikuwa ghala la mahindi. Mvua zilipogoma, ghala likabaki la panya, nasi tukaliomba, tukalipaka chokaa na kuweka kompyuta. Ni moja tu, na ilikwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Hiyo moja ndiyo inayomhudumia anayetafuta bei ya mbuzi, anayesaka kazi na anayetaka kuona matokeo ya mtihani wa mwanawe.

TULIYOJIVUNIA

Mgeni rasmi, katika chumba hiki hatujawahi kugombana. Tulichukua adabu ya bombani tukaileta ndani. Pale bombani mtu huacha mtungi wake kwenye foleni akaenda shambani, na akirudi ataukuta palepale. Kuusogeza mtungi wa mwenzio ni kumvunjia heshima yeye na watu wa nyumbani kwake.

Basi na humu ikawa hivyo. Mtu akifungua ukurasa kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kuingilia mtandaoni, kisha akatoka, ukurasa wake hauguswi. Wewe unafungua wako pembeni. Tuliwasimulia wageni jambo hili huku tumetanua vifua.

YALIYOTUKUTA

Kivinjari kikaanza kuganda. Unabonyeza, kimenyamaza. Unangoja, kioo kinapauka, halafu kivinjari kinajifunga chenyewe bila hata kuaga.

Tukasema ni joto, tukaipepea kompyuta kwa kipande cha boksi. Tukasema ni vumbi, tukaifungua na kuipangusa. Tukaizima na kuiwasha hadi swichi ikalegea. Mwisho tukakifuta kivinjari na kukiweka upya, tukaingia kwa akaunti ya kikundi, na kurasa zote zikarudi. Tukamshukuru Mungu kwamba hazikupotea. Kila kilipoanguka, kivinjari kilituuliza kama tunataka kurejeshewa kurasa zilizokuwapo. Nani kati yetu angethubutu kujibu hapana?

Sasa, kuna mwenzetu mmoja, mama aliyeacha shule kwa kuolewa mapema, akarudi kusoma ukubwani na akafaulu. Shida yake ni moja: anataka kuwa mkunga. Kutoka hapa hadi hospitali ni mbali, na ameshika mikono ya wanawake njiani akiwa hajui la kuwafanyia, akarudi nyumbani asile wala asilale. Chuo chako kilipotangaza nafasi za watu wazima, tena kwa mara ya mwisho, moyo ulimruka. Simu yake ni ya kubonyeza, haifungui mambo hayo. Tegemeo lake lilikuwa hapa.

Siku ya mwisho ya maombi alianza asubuhi. Alijaza fomu, akifika pa kuambatisha cheti kivinjari kinaganda na kuanguka. Akaanza upya, kikaanguka tena. Mchana tukamwita Ruqaiya, fundi wa Malindi, akaja kwa bodaboda. Akatazama kioo, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hizi kurasa zote ni za nani?"

"Za watu," mwenzetu akamjibu.

"Watu gani, dada?"

"Huu wa mwalimu. Huu wa mama maandazi. Huu wa yule binti aliyeolewa Mambrui."

Ruqaiya akaketi. "Kompyuta yenu haina ugonjwa. Mmeitwisha mizigo ya kijiji kizima, na kila ikianguka mnaitwisha tena."

Mgeni rasmi, tulipigwa na butwaa. Tulitazamana kama watu walioambiwa kwamba dawa waliyokuwa wakimnywesha mgonjwa ndiyo iliyokuwa ikimuua. Adabu yetu, ile tuliyoringia, ndiyo iliyokuwa ikitunyonga.

Ruqaiya akanyoosha mkono azifunge zote kwa mara moja. Mwenzetu akamshika.

"Tuwaulize wenyewe kwanza."

"Saa kumi na moja wanafunga maombi."

"Najua. Lakini siwezi kuutupa mtungi wa mtu ili nipite mimi."

Tukapiga simu huku na huku. Wengi hawakukumbuka hata walikuwa wakitafuta nini. Tukafunga, tukafunga, na bado kikaganda, maana ulibaki ukurasa wa Owen, wa mpira, uliokuwa ukicheza video baada ya video kimyakimya. Owen alikuwa ameshuka Ngomeni kwa kazi za uvuvi, na simu yake haikupatikana. Sisi wenyewe tukaanza kumsihi mwenzetu aufunge tu. Akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Owen alipiga simu jua likiwa limeshuka. "Mpira upi? Ule tulifungwa zamani. Fungeni bwana."

Tukaufunga, na kivinjari kikafunguka vizuri kabisa. Kikatuonyesha kwamba muda wa maombi umekwisha.

Mwenzetu alisoma maneno hayo hadi mwisho. Akasimama, akapangusa kibodi kwa leso yake, akauliza nani anafuata. Hadi leo mshtuko ule haujatutoka.

OMBI

Mgeni rasmi, hapa palikuwa na ombi la kompyuta mpya. Tumeliondoa, na karatasi hii ya mwisho imebadilishwa asubuhi ya leo bila msomaji wetu kujua. Alikubali kuisoma risala kwa sharti kwamba jina la mwenzetu lisitajwe. Atusamehe, tunalivunja sharti hilo mbele yako.

Mwenzetu huyo ni Kahaso, na ndiye anayekusomea sasa. Dada Kahaso, usiruke mstari. Tunakujua. Siku ile tuliiheshimu hiari yako ya kuwaulizia watu wote. Leo wewe utuheshimu sisi, usome.

Mama Mastura, hatuombi apewe nafasi. Tunaomba aitwe, akae mbele yako, aulizwe wanayoulizwa wengine. Akianguka, aangushwe na maswali yako, isiwe ni adabu yetu iliyomwangusha.

Mwenyezi Mungu akurudishe Malindi salama, na mikono ya wanafunzi wako ipokee watoto walio hai.

Ni sisi, Kikundi cha Chumba cha Kompyuta cha Mihambini, sote, isipokuwa msomaji, ambaye hakuulizwa.