Mama Hamira na Jeni Zinazozibiana Pengo

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenzake, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kiume, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Hamira, naye akaitika bila kinyongo, na wanawe wameniomba nisiruke mahali popote, hata pale panapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa mama mwoka mikate, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, sekondari hadi 1972, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya baiolojia mwaka 1976, na Januari 1977 akaajiriwa katika maabara ya chuo hicho hicho, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, chenye dirisha lisilofungika, alimofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013.

Kazi yake, kwa ninyi mliomcheka kwamba amesoma miaka yote hiyo aje kufuga hamira, ilikuwa kuondoa jeni, yaani zile amri ndogo ndogo zilizomo ndani ya kila chembe hai, na kutazama nini kitatokea, na kilichomshangaza ni kwamba mara nyingi hakikutokea kitu, ukiondoa moja hamira inaendelea kukua kama vile hujaigusa, kwa sababu jeni nyingine imeziba pengo. Mwaka 1991 alijaribu kuotesha hamira iliyokosa jeni mbili kwa pamoja, ambazo kila moja ikiondolewa peke yake haikuleta madhara, safari hii sahani ya kuoteshea ikabaki tupu, haikuota hata doa, akadhani ameiunguza hamira, akarudia wiki nzima huku akijigombeza, mpaka akakubali kwamba hakukosea.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980 na fundi cherehani, mtu wa maneno machache na utani mwingi, ambaye aliposikia habari za ile sahani tupu aliuliza kama sasa mkate utashuka bei, naye alitutoka mwaka 2009, akituachia watoto wao wawili, binti, ambaye ni mwalimu, na mdogo wake wa kiume, ambaye ni fundi umeme.

Novemba 2023 moyo ulianza kumsumbua dada, daktari akaagiza asiachwe peke yake jioni, maana ndipo pumzi ilipokuwa ikimbana, wanawe wakagawana zamu, na hapa wameniomba nisome polepole. Binti akikwama kwenye vikao, mdogo wake alikuwa amepita, mdogo akibanwa na kazi, dada mtu yupo, kila mmoja akakosa mara kadhaa bila kumwambia mwenzake, mama akawa salama, ikawa mazoea. Marehemu aliwaona, akawaambia huku akicheka kwamba mtu akizibiwa pengo hajui hata kama ameliacha, kwa hiyo wawe wanapigiana simu, wakasema sawa mama, na hawakupigiana.

Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, binti alibaki shuleni akisahihisha mitihani, mdogo wake alikuwa darini kwa mteja akivuta nyaya, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake yuko nyumbani, na dada yangu akakata roho saa mbili usiku, sakafuni kando ya kitanda, mkono wake ukiwa umeshikwa na jirani muuza mboga, aliyesikia glasi ikivunjika akaja mbio. Daktari amesema huenda hata wangekuwepo asingepona, wanawe wamelisikia hilo neno ‘huenda’ na halijawasaidia kitu, hawali, wanakwepana macho, nami kama mjomba wao nilijiandaa kuwafokea, jamani, nikashindwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu alipoanza kuugua, wafanyakazi wenzake wa maabara, majirani wote, na zaidi huyu mama muuza mboga, ambaye hakupangiwa zamu yoyote, lakini ndiye aliyekuwepo.

Pumzika kwa amani, dada, wanao wamenituma nikwambie kwamba leo wamekuja wote wawili.